Mwalimu Aliyetaka Kufukuzwa

Watoto hamsini na wawili walisimama wakapaza sauti: "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Mkurugenzi wa shule, aliyewaahidi wazazi Kiingereza, alipiga makofi mpaka miwani ikamteleza puani.

"Hongera, mwalimu," alisema kwa lugha ya nchi ile ya ugenini, ambako hakuna aliyejua Kiswahili. "Sasa naona Kiingereza kimewaingia."

Mwalimu alijilazimisha kutabasamu. Ilikuwa wiki ya tatu anafundisha Kiswahili, na hakuna aliyeshtuka. Mkurugenzi alikuwa mfyatua matofali kabla ya kufungua shule. Kiingereza chake kilianzia kwenye "okei" na kuishia hapo hapo. Wazazi nao walikuwa vivyo hivyo. Juzi mama mmoja alimjia akitokwa na machozi ya furaha, eti binti yake ameomba maji mezani kwa Kiingereza.

Mwalimu hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa anataka kufukuzwa.

Kazi yenyewe ilikuwa balaa tupu. Vipindi tisa kwa siku, Jumamosi imo, na chumba cha kulala nyuma ya stoo ya madawati, ambako panya walikuwa wenyeji na yeye mgeni. Hayo yote alikuwa ameyameza kwa miezi mitano. Kisha mdogo wake akapiga simu kutoka hospitali.

"Dada, mama kazidiwa. Daktari anasema tusihesabu miezi. Kila nesi anayeingia, anamwita kwa jina lako."

"Mwambie nakuja."

"Ndivyo ulivyosema wiki iliyopita, dada."

Siku hiyo alikwenda ofisini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaomba arudishiwe pasipoti yake, iliyofungiwa kwenye sefu tangu alipowasili. Mkurugenzi hakufoka. Afadhali angefoka. Alifungua mkataba, akapitisha kidole kwenye mistari: mwalimu haondoki mpaka mwingine aletwe, apimwe, akubalike. Kumpata mwingine, alisema, huchukua mwaka, pengine miwili. Mstari wa chini yake ulikuwa mfupi. Mwalimu atakayebainika hakijui Kiingereza atafukuzwa na kurudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Alirudi chumbani akalia mpaka kwikwi ikamshika. Asubuhi alifuta ubao wote, akaandika: maji, mkate, mama.

Sasa wiki tatu zilikuwa zimepita, na badala ya kufukuzwa alikuwa anapigiwa makofi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Wameiva hawa," mkurugenzi aliendelea, akiirudisha miwani mahali pake. "Kesho namleta mtaalamu kutoka tawi letu la pili aje awapime. Amefundisha Kiingereza miaka sita. Huyo hadanganyiki."

Nusura mwalimu amkumbatie. Mtu anayekijua Kiingereza! Sentensi moja tu ingemtosha kugundua. Alimsubiri mkurugenzi atoke, akafunga mlango, akawakaririsha watoto shairi jipya mpaka kengele ya mwisho. Hakutaka kubaki na shaka hata chembe.

Mtaalamu alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamume mwembamba, suti imemzidi mabegani, mvi zimemuwahi. Hakumsalimia mwalimu. Alikwenda kukaa dawati la nyuma na karatasi yake, na watoto wakaanza, wakipiga miguu chini kwa raha zao:

"Mwalimu wetu ana shida!
Mama yake mgonjwa sana!
Mwacheni aende kwao!"

Mwalimu hakuwa akiwatazama watoto. Alikuwa akiitazama kalamu ya mtaalamu, na aliiona ikisimama. Aliona pia jinsi alivyomeza mate. Basi, yamekwisha, alijiambia. Alianza kuwaza nguo zipi afungashe na zipi aziache. Angemkuta mama yake hai.

Mtaalamu aliinama, akaandika kwa muda, akatia sahihi. Mkurugenzi alimpokonya karatasi kwa shauku, akaisoma kwa sauti.

"Amefaulu. Alama zote!"

Mwalimu alitoka mbio nyuma ya meza yake.

"Muulize watoto wamesema nini!" alimwambia mkurugenzi, akibabaika kwa lugha ile ambayo hakuwahi kuizoea. "Nakuomba, baba. Muulize!"

Mkurugenzi alimgeukia mgeni, akamuuliza.

"Wamesema Kiingereza kizuri sana," alijibu mtaalamu, macho yake yakiwa chini. "Sijapata kusikia kizuri kama hiki."

Mkurugenzi alicheka, akakimbilia ofisini, akarudi na bahasha ya kaki. Mtaalamu aliipokea kwa mikono miwili. Hakungoja afike nje. Aliifungua pale pale, akachungulia ndani, na midomo ikaanza kumtetemeka.

Tapeli mkubwa, mwalimu aliwaza. Hajui hata neno moja, na kwa ujinga wake mama atazikwa mimi nikiwa huku. Alitamani kumrukia amrarue ile suti.

Lakini mtaalamu alikuwa akimjia, mkono ameunyoosha, anataka kuaga. Alimpa mkono kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Mkurugenzi alisogea karibu, uso umemng'aa, apate kuwasikia wasomi wawili wakizungumza Kiingereza chao.

"Nimekuelewa kila neno, dada yangu," mtaalamu alisema kwa Kiswahili, taratibu, bila kuuachia mkono wake. "Mungu ampe mama nafuu. Lakini darasa hili lilikuwa langu kabla yako, na bila wewe kufaulu, pasipoti hii nisingeiona."