Nailoni ya Rimoti

Fundi Shekue alizilaza rimoti mbili mezani, uso kwa uso, ili ya zamani iifundishe mpya kitufe kimoja kimoja. Ya zamani ilikuwa inakufa, na bila rimoti Bi Zawena asingeweza kuifungua ile kompyuta ya Linux ambayo marehemu mumewe aliiunga na televisheni, akajirekodi humo akisoma Kurani.

"Hii nailoni itoke, mama. Inazuia mwanga."

Bi Zawena aliipapasa ile nailoni. Mumewe ndiye aliyeivika rimoti nailoni siku ileile ilipotoka dukani, na kidole gumba chake kilikuwa kimeitoboa pale alipozoea kubonyeza.

"Toa tu, baba," akasema.

Fundi alipomaliza, sauti ya marehemu ilijaa sebuleni. Bi Zawena aliingojea imguse. Haikumgusa.

"Hiyo mbovu sasa katupe," fundi alisema akivaa viatu mlangoni.

Bi Zawena alipobaki peke yake, aliivika rimoti mpya ile nailoni kuukuu, akaweka kidole gumba chake kwenye tundu. Chini yake palikuwa na kitufe ambacho hakikufundishwa kitu. Akakibonyeza, macho yakiwa kwenye televisheni.