Gari la Mkono wa Kulia

Mzee Bartholomayo alilizunguka gari mara mbili, akainama, akachungulia ndani, kisha akasema hawezi kulipokea. Usukani ulikuwa upande wa kushoto.

"Mwanangu Tobias," alisema kwa upole, "mahari hutolewa kwa mkono wa kulia. Wewe unaniletea gari zima la mkono wa kushoto."

Tobias alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi karibu na mlango, mahali pa anayeomba mke katika nyumba ile ya Mbuji, magoti yakikaribia kidevu. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na gari hilo tu: jekundu, dogo, la mbio, la viti viwili na lisilo na paa, aliloachiwa na mhandisi wa Kijerumani siku mradi wa maji ulipofungwa. Bila gari hilo, hakuna kumwoa Vitalia, binti wa mzee.

Dada mkubwa wa Tobias, Ottilia, alijaribu kumtetea. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule kwao Ngumbo, ukingoni mwa ziwa, na ndiye aliyemlea Tobias wazazi walipofariki. Kwa desturi Tobias ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba, ingawa aliyesema alikuwa Ottilia. Aliuliza usukani unamhusu nini mtu ambaye akishapokea gari ni lake, hata akitaka kufugia kuku.

Mzee alimgeukia. "Mwalimu, kitu nikishakipokea, ipo siku nami nitakitoa. Nitakitoaje kwa kushoto?"

Ikabidi usukani uhamishwe.

Kazi ilichukua miaka miwili. Edmund, fundi wa Mbinga mjini aliyejifunza ufundi kwa kufungua vitu na kuvirudishia, alikata dashibodi kwa msumeno, akahamisha pedali moja moja, akapinda bomba la ekzosi lililokuwa likiziba njia. Sanduku la usukani lilipokataa kuenea upande wa pili, alilifunga juu chini. Siku ya majaribio Tobias alikata kulia, gari likaenda kushoto, likaingia kwenye ngoro, shimo la kilimo cha mteremkoni, katikati ya mahindi, likatulia humo kama limepandwa. Edmund alisema hilo ni jambo dogo. Lilichukua miezi saba.

Kila baada ya muda Mzee Bartholomayo alifika gereji kukagua. Alikuwa mgane, na alikuwa dereva wa lori la ushirika mpaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani. Lori likauzwa, yeye akabaki na leseni yake na koti moja la sherehe. Alitaka Ottilia awepo katika kila ukaguzi, kwa kuwa thamani ya gari ilikuwa ikikadiriwa upya kwa mifugo na wazee wa ukoo walihitaji mtu wa kuhakiki. Tairi moja, mbuzi wawili. Boneti, dume la ng'ombe. Viti, kwa kuwa vilikuwa viwili tu, vilishusha bei, ingawa mzee mwenyewe alisema viwili vinatosha.

Kipima mwendo kilishindikana kuhamishwa. Kikabaki kushoto, mbele ya abiria. Tobias aliogopa kwamba hilo lingeondoa angalau mbuzi watatu, lakini mzee alilikubali bila ubishi.

"Basi atakayekaa hapo awe mtu wa namba," alisema, akamfungulia Ottilia mlango ajaribu kiti.

Mwaka wa pili nusura yote yaharibike. Nathaniel, afisa wa wilaya aliyewahi kusoma majarida ya magari, aliwaeleza kwamba huko Ulaya gari la aina hiyo likishahamishwa usukani hushuka thamani, kwa kuwa si kama lilivyotoka kiwandani. Mzee alilifikiria jambo hilo mpaka chai yake ikapoa.

"Inaelekea huko hawaoi," alisema.

Jumamosi ya makabidhiano Ottilia hakwenda Mbuji; alisema anasuka nywele. Tobias alitoa ufunguo kwa mkono wa kulia, mzee akaupokea kwa mikono miwili, vigelegele vikapigwa. Harusi ingefuata baada ya matangazo kanisani. Tobias na mshenga wake, Benno, wakapanda lori la mizigo kurudi ziwani.

Walikuwa wameshuka nusu ya mlima gari jekundu lilipowapita kwa honi. Mzee alikuwa kwenye usukani, ndani ya koti la sherehe, na kushoto kwake Vitalia akimsomea mwendo: arobaini, arobaini na mbili, punguza baba. Benno alicheka mpaka akakohoa. Akasema wakwe wengine hawana subira, huyu anampeleka bibi harusi kabla padri hajajua. Tobias alipiga ubao wa lori akimwomba dereva aongeze mwendo.

Kutoka barabarani alikimbia mpaka nyumbani. Gari lilikuwa uani, limefutwa vumbi. Vitalia alisimama kando ya boneti, lakini hakumfuata. Aliinamisha macho kwa adabu, kama mtu aliye kazini. Mlangoni, kwenye kigoda cha jikoni, alikuwa ameketi Mzee Bartholomayo, kofia mapajani, magoti yakikaribia kidevu.

"Shikamoo, baba," Tobias alisema akihema. "Njoo ukae kwenye kiti."

"Marahaba. Hapa panatosha, mpaka utakaponijibu."

Vitalia alikohoa kidogo. "Mshenga wake ni mimi," alisema. "Tumekuja kwa ajili ya mwalimu."

Ndani, kwa mara ya kwanza tangu Tobias amjue, Ottilia alimwachia yeye kusema. Mzee akamnyooshea Tobias ufunguo wa gari, kwa mkono wa kulia.