Pua Imezibuka

Hidaya alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, sufuria ya majani ya mkaratusi ikimfukiza usoni. Mafua ndiyo yaliyomweka kwa mama yake siku nne. Mumewe alikubali kungoja apone, kisha amrudishe nyumbani, kwenye zile ngumi zake.

“Imezibuka, mwanangu?” mama aliuliza.

“Bado, mama.”

“Mvuke wenyewe umekwisha! Toka, usije ukaiva humo.”

Hidaya alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu augue, hewa ilipita puani bila shida, nayo ilileta harufu ya tumbaku ya mumewe.

“Shikamoo, mama. Amepona?”

“Marahaba, baba. Muulize mwenyewe.”

Hidaya alizikunja pembe za blanketi chini ya magoti, akaanza kuhema kwa mdomo.