Kijiko Ukutani

Kila asubuhi, chai ikishaiva, Nassoro aligonga ukuta kwa kijiko mara tatu, na Shebe, mdogo wake aliyeishi upande wa pili wa nyumba ya marehemu baba yao, akamjibu vivyo hivyo. Leo jibu lilikuwa teke mlangoni.

Mgambo wawili waliingia na karatasi. "Unasikiliza redio ya wapinzani, mzee. Twende."

Mwandiko wa karatasi ile Nassoro aliujua. Aliufundisha mwenyewe, mchangani, akimshika Shebe kidole.

Shebe alikuwa uani, amevaa shati la chama.

"Tuliisikiliza sote, Shebe! Juu ya mkeka huu huu!"

"Chama kinataka ukweli, kaka."

"Chama? Nitazame usoni ukikitaja!"

Shebe alimtazama Raya, mke wa Nassoro, aliyesimama mlangoni na birika mkononi.

Nassoro aliyafuata macho yale. Akakivurumisha kijiko ukutani, chokaa ikamwagika.

"Basi sema! Sema lililokuleta!"

"Nilikutuma ukaniposee," Shebe alisema. "Mimi, kaka. Ukarudi umejiposea mwenyewe."