Karakana Zilizo Wazi

Fomu ya watafiti ilisema wazi: ukikuta karakana imefungwa, iruke. Binti aliyetumwa kuijaza alikuwa ameruka kumi na moja kwenye mtaa huo wa mafundi viatu alipomkuta mjomba wake amekaa kizingitini mwa karakana yake, nyuma yake mlango una kufuli, gundi kavu bado imeganda kwenye kucha zake.

"Wasomi siku hizi hamsalimii?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Niulize na mimi. Si mnataka kujua viatu vya kutoka nje vimetufanya nini?"

"Wanataka waliofungua tu, mjomba."

Mzee akacheka bila furaha. "Mnapeleleza ugonjwa kwa kuwauliza wazima? Mtajua lini nani kafa?"



Mjomba akainuka, akahangaika na kufuli lililoanza kushika kutu. Ndani, viti sita vya mafundi vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Akashusha kimoja, akakaa, akabana magotini mguu wa mti ambao fundi huuvisha kiatu anapokishona, akashika nyundo.

"Haya, nimefungua. Uliza."

Swali la kwanza: karakana inafanya kazi? Binti alijua kwamba akijaza ndiyo, mjomba atahesabiwa pamoja na walionusurika, na ripoti itasema mtaa haukuumia. Akijaza hapana, fomu inaishia hapo hapo.

"Mjomba, hii haitakusaidia."

"Nani kaomba msaada? Mimi nataka niwemo."

Akaanza kugonga ule mguu wa mti usio na kiatu, polepole, akimtazama mpwa wake usoni.

Binti akajaza ndiyo.