Sahani Chini ya Kawa

Kila adhuhuri Bi Mwanahamisi, jirani wa ukuta mmoja, alimletea Sauda sahani ya chakula iliyofunikwa kawa. Kila jioni Sauda aliirudisha safi, ina limau moja ndani, maana kwao si heshima kumrudishia jirani sahani tupu. Chakula chenyewe alikimwaga uani. Tangu huzuni imkae kifuani, kilichopita kooni mwake kilikuwa pombe ya gongo tu.

Siku hiyo Bi Mwanahamisi hakuondoka. Aliketi mkekani.

"Kuku wa uani hawawezi hata kutembea kwa unene, na wewe unakwisha, mwanangu. Tena malimau yako yananuka gongo."

Sauda aliinamisha uso, akangoja kusutwa. Lakini bibi alifunua kawa, akachukua kipande cha muhogo wa nazi, akamwekea kiganjani. Kisha akageukia dirishani ili asimtie haya.

Ndipo Sauda akasikia mtu anatafuna. Sauti ilikuwa karibu mno, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya ukuta siku nyingi na sasa amepata chakula. Nywele zikamsimama.

"Bi Mwanahamisi, nani anakula humu ndani?"

"Mimi sili, mwanangu," bibi alijibu taratibu, bila kugeuka.

Sauda akajishika shavu. Lilikuwa linacheza, limejaa muhogo.

Chini ya kitanda chupa yake ya gongo ikagonga ukuta kama inayomwita, ingawa hakuna aliyeigusa. Kiganja kitupu cha Sauda kikabaki wazi, kati ya kitanda na sahani.