Saruji Ilikwenda kwa Nani

Kiatu cha Ng'washi kiligonga ukuta, kikaikosa televisheni kidogo tu. Mgahawa mzima ukamgeukia.

"Mwongo!" alifoka. "Mwongo mkubwa huyo!"

Ilikuwa filamu ya diwani wake, inaonyeshwa Bariadi kuelekea uchaguzi. Msimulizi, kwa sauti tamu, alikuwa akisema kwamba ujenzi wa zahanati ya kijiji chao unaendelea vizuri na saruji yote imewafikia wananchi. Imewafikia wapi? Pale kijijini pana msingi mtupu, mbuzi wanalala humo! Mwaka jana Elina, mkewe, alishikwa na uchungu wa kuzaa, akafia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakiwa njiani kumpeleka Maswa. Yeye na mtoto tumboni. Halafu mtu anakaa chini anatengeneza filamu. Watu wengine hawana haya kabisa.

Kesho yake asubuhi Ng'washi alikuwa mlangoni mwa halmashauri. Alisikia redioni kwamba taarifa za miradi ni za umma, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuzisoma. Safari hii angemuumbua diwani mbele ya mkutano wa kijiji, hata kama majirani bado wanamsifu eti ni mtu wa watu, hakosi msiba.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma mama Nancy, mtunza kumbukumbu. "Nataka taarifa ya zahanati yetu. Nione saruji ilikwenda kwa nani."

Nancy alifungua jalada bila kubisha. "Ilitoka, baba. Kila mzigo una tarehe na jina la aliyepokea."

"Wizi mtupu! Hebu nisomee hayo majina hewa."

"Kasmiri Thomasi."

Ng'washi alikunja uso. "Huyo yupo. Ni jirani yangu, alimzika baba yake mwezi wa sita."

"Klementina Mashimba."

"Naye yupo. Mjane." Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nancy akafunua ukurasa. "Ng'washi Mayige. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane, mwaka jana. Saini hii hapa."

Kuhusu saruji, filamu haikudanganya. Siku hiyo, kwenye msiba wa Elina, diwani alishusha mifuko uani kwa Ng'washi kwa mikono yake mwenyewe, akasema ni rambirambi, naye akatia saini, akampigia magoti kumshukuru. Saruji yote waliijengea kaburi la Elina.